Sumaku sita, N zote nje: S inatokea wapi, na ncha pekee inatafutwaje?

koili_tupu aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Nina maswali matatu kuhusu ncha pekee ya sumaku, yaani monopoli. Kwamba ukivunja sumaku vipande viwili kila kipande kinabaki na N na S, hilo tusilirudie. Usumaku wa kawaida unatokana na spini na mizunguko ya elektroni, na hata elektroni moja peke yake ina ncha zote mbili.

Swali la kwanza. Chukua mchemraba wa plastiki wenye upande wa mm 20, na vibamba sita vya neodimiamu daraja N42, kila kimoja mm 20 × 20 × 5, ncha zikiwa kwenye nyuso pana. Bandika kimoja kila uso, N zote zikitazama nje. S zote sita zimefungiwa ndani. Sheria ya Gauss ya sumaku inadai kwamba fluksi (jumla ya uga unaopita kwenye uso) inayotoka lazima ilingane na inayoingia. Sasa inayoingia inapitia wapi, wakati kila uso unaoonekana ni N?

La pili. Naweza kulipima hilo kwa sensa ya Hall (kipima uga wa sumaku) aina ya SS49E na Arduino Uno (ubao mdogo wa kompyuta)? Mtego uko wapi?

La tatu. Kuna madai kwamba monopoli ilinaswa 1982, ikaonekana 2009, ikaonekana tena 2014. Vitabu bado vinaandika ∇·B = 0, yaani uga wa sumaku (B) hauna chanzo cha ncha pekee. Tumsadiki nani?

---

pengo_la_hewa alijibu:

Naanza na la kwanza, maana ndilo lenye utamu.

Inapitia kingoni na kwenye pembe. Vibamba vya mm 5 juu ya mchemraba wa mm 20 vinaacha mfereji wa mm 5 × 5 kwenye kila ukingo. Mstari wa uga ukitoka katikati ya uso wa N hauendi mbali. Unapinda, unazama kwenye mfereji, unapita nyuma ya kibamba na kuingia kwenye S ya kibamba hichohicho. Shika sensa mbele ya pembe ya mchemraba, ikitazama kitovu, nayo itakusomea S mahali ambapo hukubandika S yoyote.

Mtu anaweza kusema: basi naziba mifereji, nasaga vibamba kwa mteremko wa nyuzi 45 mpaka vikutane. Tumpe zaidi ya hapo, tumpe hali kamilifu: gamba la tufe lililosumakishwa kuelekea nje kila mahali kwa kiwango kimoja, M. Uso wa nje wenye nusu kipenyo b unabeba "chaji ya sumaku" ya 4πb²M. Uso wa ndani wenye nusu kipenyo a unabeba −4πa²M. Wengi wanaishia hapo, wanaona N imezidi, wanashangilia. Wamesahau kwamba M inayotawanyika kama miale ina chaji hasi ndani ya mwili wa sumaku wenyewe, −2M/r kwa kila ujazo. Ijumlishe kutoka a hadi b utapata −4π(b² − a²)M. Jumla kuu ni sifuri, bila chenji.

Na kwa kuwa umbo lina ulinganifu wa tufe, hakuna pa kujificha: B ni sifuri nje, ni sifuri kwenye uwazi wa ndani, na ni sifuri hata ndani ya sumaku yenyewe, kwa sababu H, uga unaotokana na chaji hizo, ni −M. Kwa hiyo atakayefanikiwa kutengeneza tufe la N tupu atakuwa ametengeneza kitu ambacho dira haikioni kabisa. Kadiri unavyokaribia kuziba mianya yote, ndivyo uga wa nje unavyokufa.

Hali hiyo ni ngumu kwa sumaku. Kukaa kwenye B = 0 maana yake H inayoisukuma kinyume imefika Hcb yake, kiwango cha H kinachoifanya B ndani yake iwe sifuri. N42 inahimili kwenye joto la kawaida kwa sababu Hcj yake, kiwango cha kuufuta usumaku wenyewe, kuanzia 955 kA/m, iko juu zaidi ya hapo. Ipashe kupita nyuzi 80 za Selsiasi na sehemu ya usumaku inaondoka moja kwa moja. Alniko ingeharibika palepale bila hata kupashwa. Mchemraba wako una nafuu kwa sababu ya ile mifereji, ila gundi ya kukaushwa kwenye oveni usiiguse.

Sasa kuhusu uga wa mbali. Dipoli sita (kila kibamba na jozi yake ya N na S) zinafutana zenyewe kwa zenyewe. Ulinganifu wa mchemraba unafuta pia daraja la ncha nne na la ncha nane. Kinachobaki ni daraja la nne la mfululizo, ambalo uga wake unapungua kwa 1/r⁶. Kwa vipimo ulivyotoa, nikichukua Br (usumaku unaobaki kwenye sumaku) ya 1.3 T, mbele ya katikati ya uso napata takriban 2.8 mT kwa umbali wa mm 40 kutoka kitovu, 0.24 mT kwa mm 60, na 0.04 mT kwa mm 80. Kibamba kimoja peke yake, kwa mm 60, kingekupa kama 1.9 mT. Yaani umeongeza sumaku tano na umepata uga mdogo mara nane.

Mgawanyo wa alama nao unajulikana. Kwa umbali mmoja kutoka kitovu, mbele ya uso ukipaita 100, mbele ya ukingo ni −25 na mbele ya pembe ni −67. Nyuso ni sita, kingo ni kumi na mbili, pembe ni nane. Hapo ndipo S zako zilipo.

---

benchi_la_vipimo alijibu:

Nachukua la pili. Jibu fupi: SS49E inatosha, ADC ya Uno (sehemu inayogeuza volti kuwa namba) haitoshi.

SS49E ukiipa 5 V inakaa 2.5 V kwenye uga sifuri na inasogea karibu 14 mV kwa kila mT. ADC ya Uno ina biti 10, hatua moja ni 4.9 mV, sawa na 0.35 mT. Kwa hesabu za pengo_la_hewa, kwenye mm 40 unapata hatua nane tu, na kwenye mm 60 hupati hata moja. Weka ADS1115, ADC ya nje yenye hatua ndogo zaidi, kwenye masafa ya ±4.096 V. Hatua inakuwa 0.125 mV, yaani chini ya 0.01 mT. Chukua wastani wa masomo 64 kila nukta.

Mtego wa kwanza ni volti ya kulisha sensa. Towe la SS49E linafuata volti hiyo: 5 V ya USB ikicheza kwa 50 mV, sifuri yako inahama 25 mV, na hiyo ni 1.8 mT ya uongo. Tumia rekebishi ya volti iliyo tulivu, au soma volti ya kulisha kwenye chaneli ya pili ya ADS1115 kwa masafa ya ±6.144 V kisha ugawanye.

Mtego wa pili ndio unaotengeneza "monopoli" nyingi za mezani: kosa la sifuri. Tuseme unafunga mchemraba ndani ya boksi la kadibodi la mm 60, kila uso umechorwa miraba ya sentimita moja. Hiyo ni miraba 36 kwa uso, 216 kwa boksi zima. Unasoma B inayotoka wima kwenye kila mraba, unajumlisha. Kama sifuri ya sensa imekosewa kwa 0.1 mT tu, kosa hilo linaingia mara 216 likiwa na alama ileile, na unapata 21.6 mT·cm² za fluksi "inayotoka". Hiyo ni 2.16 × 10⁻⁶ Wb (weba, kipimo cha fluksi). Monopoli moja ya Dirac ingetoa 4.14 × 10⁻¹⁵ Wb, kwa hiyo umejitangazia monopoli zaidi ya milioni 500 kwa kosa ambalo hata macho hayalioni kwenye grafu. Na SS49E kutoka kiwandani inaruhusiwa kukosea sifuri kwa zaidi ya 0.1 mT kwa mbali sana.

Dawa: ondoa mchemraba, acha sensa na boksi palepale, soma nukta zote upya, kisha toa. Usijaribu kuipindua sensa nyuma-mbele ili kufuta kosa la sifuri. Kipande kinachohisi hakiko katikati ya plastiki, kwa hiyo ukiipindua umebadilisha na umbali. Kwenye uga unaopungua kwa 1/r⁶, tofauti ya mm 0.5 pale kwenye mm 30 ni kama asilimia 10.

Kwa mchemraba uliopangwa vizuri kila uso wa boksi unapaswa kujumlika sifuri peke yake: chanya katikati, hasi pembezoni. Uso mmoja ukitoa chanya na wa mkabala hasi kwa kiasi hichohicho, hizo ni sumaku zisizolingana nguvu tu. Uga wa dunia usikusumbue, unaingia upande mmoja na kutoka wa pili, unajifuta.

---

sifuri_ya_kweli alijibu:

Hapo kwenye uga wa dunia naongeza sharti: unajifuta iwapo boksi halisogei na sensa ndiyo inayozunguka. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu ni rahisi. Sensa inafungwa kwenye stendi ikitazama chini, boksi linageuzwa uso baada ya uso. Kwa mpango huo sensa inaona sehemu ileile ya uga wa dunia mara zote sita, nayo inajumlika badala ya kufutana. Uga wa dunia ni kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali. Chukua 40: mara 216 ni 8.6 mT·cm² za bure. Ukitoa masomo ya boksi tupu kama alivyosema benchi, hili nalo linatoka, mradi hukuhamisha stendi, na mradi hakuna bisibisi, simu wala spika iliyosogezwa mezani katikati ya kazi.

Mimi nisingehangaika na nukta 216. Ipo njia ya masomo sita kwa kila umbali. Weka sensa mbele ya katikati ya kila uso kwa umbali sawa kabisa kutoka kitovu, soma kinachotoka nje, chukua wastani wa nyuso zote sita. Wastani huo unafuta dipoli iliyobaki, kwa kuwa inatoka upande mmoja na kuingia wa pili. Unafuta ncha nne, na unafuta ncha nane. Kwa hiyo tofauti za nguvu kati ya kibamba na kibamba hazikuharibii tena. Bila wastani huo zingekuharibia: kibamba kimoja kikizidi wenzake kwa asilimia 5, dipoli yake ya ziada kwenye mm 80 inalingana na ishara yote unayoitafuta.

Baada ya wastani yamebaki mawili tu ya maana: daraja la nne lenye 1/r⁶, na monopoli kama ipo, yenye 1/r². Pima kwenye mm 40 na mm 60. Daraja la nne linapungua mara 11.4. Monopoli ingepungua mara 2.25. Hakuna namna ya kuyachanganya haya mawili hata kwa sensa duni. Ukipata uwiano wa 3.4 hivi, hiyo ni 1/r³, yaani dipoli, na maana yake umbali wako haukuwa sawa pande zote au mchemraba haukai katikati.

Kubandika sasa. Vibamba vyote sita vinasukumana, jirani kwa jirani na mkabala kwa mkabala. Cha mwisho ndicho kikorofi kuliko vyote: kinataka kuruka au kujigeuza S nje. Sugua nikeli kwa msasa laini, futa kwa spiriti, tumia epoksi ya polepole, bana saa 24. Gundi ya papo hapo inashika haraka lakini haipendi kubanduliwa kwa pembeni, na huo ndio mwelekeo wa msukumo hapa. Kibanio kiwe cha mbao au shaba. Cha chuma kitavuta kibamba na kukupotosha. Vaa miwani, neodimiamu inapasuka kama kigae.

---

koili_tupu:

Nimeelewa, asanteni. Wastani wa nyuso sita nitautumia. Bado lile la tatu. Na kama mtu anaweza kunieleza hiyo 4.14 × 10⁻¹⁵ Wb ya benchi imetoka wapi, maana haikupimwa na mtu.

---

nusu_fluksi alijibu:

Namba hiyo ni h/e, yaani konstanti ya Planck ugawe kwa chaji ya elektroni, basi. Imetoka kwa Dirac, 1931. Pierre Curie alishaandika mwaka 1894 kwamba hakuna kinachokataza chaji ya sumaku, lakini Dirac ndiye aliyeonyesha bei yake.

Hoja inakwenda hivi. Fizikia ya kwanta inahitaji potenshali ya vekta A (kifaa cha hesabu ambacho B hutolewa kwacho), na A haiwezi kuandikwa vizuri kila mahali kuizunguka monopoli. Lazima pawe na uzi mwembamba unaoingiza fluksi yote ambayo monopoli inaitoa, kama solenoidi nyembamba kupita kiasi. Uzi huo ni wa hesabu tu, kwa hiyo hauruhusiwi kuonekana kwenye jaribio lolote. Elektroni ikiuzunguka, wimbi lake linapata fezi (hatua ya wimbi) ya e·g/ħ, g ikiwa chaji ya monopoli na ħ ikiwa h/2π. Fezi haionekani pale tu inapokuwa 2π mara namba nzima. Toa hapo g: ni n·h/e. Kwa hesabu ya ampea-mita, h/(μ₀e), ni 3.29 × 10⁻⁹ A·m.

Kwa vipimo vya Gauss chaji hiyo ni mara 68.5 ya chaji ya elektroni. Kwa hiyo monopoli mbili zinavutana au kusukumana kwa nguvu mara 4,700 hivi ya elektroni mbili kwa umbali uleule. Ndiyo maana, ukiuliza kwa nini hatujawahi kuzitoa kwenye maabara, sehemu ya jibu ni kwamba N na S zikizaliwa pamoja zinashikana kwa ukali.

Soma hoja ya Dirac kinyumenyume: ikiwepo monopoli moja tu popote ulimwenguni, basi chaji ya umeme haina hiari, lazima ije kwa mafungu. Na kweli inakuja kwa mafungu. Protoni na elektroni zinalingana kwa ukubwa wa chaji hadi sehemu moja kwa 10²¹. Hakuna kitu kwenye milinganyo ya Maxwell kinachodai hivyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu pekee nzito ya kuendelea kuzitafuta.

Sasa madai.

1982 ni jaribio la Blas Cabrera, Stanford. Koili ya waya wa niobiamu, mizunguko minne, kipenyo sm 5, imepozwa hadi ikawa superkondakta (isiyo na ukinzani) na kukingwa dhidi ya uga wa nje. Superkondakta haipotezi mkondo, kwa hiyo monopoli ikipita ndani ya pete inaacha mruko wa fluksi wa kudumu wa h/e kwa kila mzunguko. Kwanta ya fluksi ya superkondakta ni h/2e, hivyo kila mzunguko unahesabu mbili, na minne inatoa nane. Tarehe 14 Februari 1982 mruko wa nane hasa ulirekodiwa. Katika siku 151 za kupima ulikuwa huo mmoja tu wa ukubwa huo.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba haijali kasi wala uzito wa monopoli. Dipoli ikipita inaingiza na kutoa, mwisho sifuri. Ubaya ni kwamba koili moja haina shahidi. Mshtuko wa mitambo ndani ya kifaa unaweza kuhamisha fluksi, na hakuna koili ya pili ya kusema "mimi sikuona". Vifaa vilivyofuata viliwekwa pete kadhaa ili monopoli moja ilazimike kuacha alama kwenye zaidi ya moja, vikawa na eneo kubwa zaidi, na havikuona kitu.

Kuna pia hesabu ya Parker. Galaksi yetu ina uga wa mikrogausi chache. Monopoli zinazozunguka zingechota nguvu ya uga huo kama elektroni zinavyomaliza betri, na uga ungeshakwisha. Kwa kuwa upo, idadi haiwezi kuzidi 10⁻¹⁵ kwa sm² kwa sekunde kwa steradiani. Weka kikomo hicho kwenye pete ya sm² 20 ya Cabrera: ungesubiri wastani wa miaka 250,000 kupata moja. Kupata moja ndani ya siku 151 ni bahati isiyoaminika, au si monopoli. MACRO, kigunduzi kilichokuwa chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, ilipima kwa eneo kubwa hadi mwaka 2000 na kushuka hadi 1.4 × 10⁻¹⁶. Sifuri.

Kabla ya hapo, 1975, kulikuwa na alama zilizodaiwa kuwa za monopoli kwenye plastiki zilizopandishwa angani kwa puto. Luis Alvarez alionyesha kwamba kiini kizito, kama cha platinamu, kikivunjika njiani kinatoa alama zilezile.

---

barafu_ya_spini alijibu:

2009 na 2014 ni habari nyingine kabisa, na hakuna aliyedanganya isipokuwa vichwa vya habari.

2009: fuwele za disprosiamu titanati na holmiamu titanati, Dy₂Ti₂O₇ na Ho₂Ti₂O₇. Castelnovo, Moessner na Sondhi walitabiri 2008, vipimo vya nyutroni vikafuata mwaka uliofuata. Ioni zinakaa kwenye kona za piramidi zenye nyuso nne za pembetatu. Kwenye kila piramidi spini mbili zinatazama ndani na mbili nje. Pindua moja: piramidi hii inakuwa tatu ndani moja nje, jirani yake inakuwa moja ndani tatu nje. Endelea kupindua spini kwenye mnyororo na hizo kasoro mbili zinaachana bila gharama kubwa, kila moja ikisukuma na kuvuta nyingine kwa 1/r² kama chaji.

Ukubwa wa chaji yake unahesabika. Kila ioni ina momenti ya karibu magnetoni 10 za Bohr, umbali kati ya vitovu vya piramidi ni angstromu 4.3 hivi. Gawa, zidisha kwa mbili: 4.3 × 10⁻¹³ A·m, kama sehemu moja kwa 8,000 ya chaji ya Dirac. Tena haijafungwa kwenye mafungu. Ukibana fuwele na kubadilisha umbali, chaji inabadilika. Zinaishi kwenye halijoto ya kelvini moja hivi kushuka chini, na haziwezi kutoka kwenye fuwele. Kinachotawanyika pale ni M na H. B yenyewe inabaki bila chanzo, kwa sababu mnyororo wa spini zilizopinduliwa unarudisha fluksi. Ni ule uzi wa Dirac, ila huu unaonekana.

2014: gesi baridi ya rubidiamu-87, Amherst College pamoja na Möttönen wa Finland. Uga uliokuwa na ncha pekee ni uga wa kubuni unaohisiwa na wimbi la atomi, si sumaku. Ni jaribio zuri la hesabu ya Dirac. Dira ukiiweka pale haitikisiki.

Kwa hiyo ∇·B = 0 haijaguswa.

---

nusu_fluksi:

Naongezea kinachofanyika CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva. Jaribio la MoEDAL liko kwenye sehemu moja na kigunduzi cha LHCb na lina vyuma vya alumini karibu kilo 800 vya kunasia. Alumini imechaguliwa kwa sababu kiini chake kina momenti kubwa ya sumaku, monopoli ingeganda pale. Baadaye vyuma vinapitishwa kimoja kimoja kwenye magnetomita ya superkondakta mjini Zürich. Chuma kinaingia, kinatoka, unalinganisha mkondo kabla na baada. Uchafu wenye chuma-sumaku ndani yake unaweza kuiyumbisha magnetomita na kuacha mruko wa bandia, kwa hiyo kipande chochote chenye shaka kinapitishwa tena na tena. Monopoli halisi ingetoa mruko uleule kila mara. Mwaka 2022 walitoa matokeo ya migongano ya viini vya madini ya risasi (Pb): hakuna zenye uzito chini ya 75 GeV kwa chaji ya Dirac moja hadi tatu.

Tatizo ni kwamba nadharia za 't Hooft na Polyakov za 1974, zikiunganishwa na nadharia za kuunganisha nguvu zote isipokuwa mvutano, zinatabiri uzito wa 10¹⁶ GeV na zaidi. Hiyo ni kama sehemu mbili kwa mia ya mikrogramu, kwa chembe moja. Hakuna mashine ya binadamu itakayofika. Nadharia hizohizo zinasema mlipuko mkuu ulipaswa kutujaza hizo chembe, na kuukwepa wingi huo ilikuwa moja ya sababu za Alan Guth kupendekeza mfumuko wa ulimwengu.

---

koili_tupu:

La mwisho. Kwa nini superkondakta? Nikifunga koili ya shaba ya mizunguko 1,000, nikaunganisha amplifaya, si monopoli ikipita nitaona mdundo?

---

benchi_la_vipimo alijibu:

Hesabu mwenyewe. Mizunguko 1,000 mara h/e ni 4.1 × 10⁻¹² volti-sekunde, na hiyo ndiyo jumla yote ya mdundo, iwe monopoli imekimbia au imetembea. Kwa kipenyo cha sm 5 unahitaji mita 157 za waya. Waya wa mm 0.1 unakupa ukinzani wa ohmu 340 hivi. Chaji itakayopita ni 1.2 × 10⁻¹⁴ C, elektroni kama 75,000, kisha kimya. Mkondo unakufa ndani ya sehemu ya milisekunde.

Monopoli ya km 300 kwa sekunde inakatiza koili kwa mikrosekunde 0.2. Koili yenye mizunguko mingi hivyo haiwezi kufuata kasi hiyo, uwezo-kapasita kati ya mizunguko unautandaza mdundo hadi mikrosekunde kumi au zaidi, kilele kinashuka hadi sehemu ya mikrovolti. Kelele ya joto ya ohmu 340 pekee, kwenye upana wa 100 kHz, ni mikrovolti 0.75. Hapo sijataja redio, swichi za umeme wala mtetemo wa koili ndani ya uga wa dunia. Ukiongeza mizunguko unaongeza ukinzani na uvivu wa koili kwa pamoja.

Kwenye pete ya niobiamu mkondo unaobaki ni nanoampea chache tu, lakini utakuwepo kesho asubuhi, na unaweza kuusoma mara elfu.